Sifa Iko Kindu

Majuzi, wakati wa likizo kubwa, nilipita nyuma ya shule moja hapa Goma nikakuta wanafunzi wanaupaka ubao rangi upya. Walikuwa wameponda makala, yaani makaa, pamoja na sombe, majani ya mihogo, wanausugua ubao kwa vitambaa vikuukuu, mikono imekuwa myeusi hadi viwikoni, wanacheka. Wenzangu mliosoma vijijini mnaijua ile harufu: mbichi, kali kidogo, kama shamba lililoungua halafu likanyeshewa. Kwa wengi wenu nadhani ni harufu ya kurudi masomo na kuwaona rafiki. Mimi ilinigandisha miguu. Kwangu ni harufu ya mahali pasipokuwa na mtoto hata mmoja, lakini ubao wake ulikuwa umepakwa asubuhi ileile.

Tulikaa Kalembe, pale ambapo Masisi inakwisha na Walikale inaanza. Papa alikuwa mtu wa Masisi, wa milima ya ng'ombe na maharagwe. Mama alitoka upande wa Walikale, kwenye msitu. Nyumba yetu ilikuwa ya upande wa Papa. Ukishuka bondeni, ukavuka mto mdogo juu ya gogo, ukapanda tena kwenye miti, unafika kwa Koko, mama yake Mama. Haikuwa safari. Mtu aliweza kutoka kwetu na sufuria ya maharagwe akafika kwa Koko ingali inafuka.

Lakini Mama hakuvuka. Koko ndiye aliyekuja kwetu, au Papa alinipeleka mimi. Mama alitusindikiza mpaka mwisho wa shamba, akasimama hapo na jembe lake, na tukigeuka nyuma tulimkuta bado amesimama. Sikuwahi kuuliza. Mtoto anazaliwa anakuta mambo yamekwisha kupangwa, anadhani ndivyo dunia ilivyo: jua linatoka upande wa Masisi, Mama havuki mto.

Mwaka ule radio ya Papa ilikuwa na neno moja mdomoni kila jioni: découpage. Papa aliitegea sikio huku anamenya mahindi, na mimi nikamuuliza neno hilo ni nini.

"Banakata inchi," akasema. "Majimbo ilikuwa kumi na moja. Sasa itakuwa makumi mbili na sita."

"Banakata na nini?"

Akacheka. "Na karatasi. Wakubwa wa Kinshasa njo banakata."

"Na sisi, Papa? Batatukata?"

"Sisi hapana. Kivu ya Kaskazini inabakia vile iko. Sisi walishatukata zamani."

Jibu hilo la mwisho Papa alilisema bila hata kuinua macho kutoka kwenye mahindi, lakini mimi lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Walishatukata zamani. Kesho yake nilisimama mwisho wa shamba nikalitazama lile bonde, ukungu umelala ndani yake kama pamba ndani ya kidonda, na nikaelewa kila kitu. Pale ndipo nchi ilipokatwa. Ndiyo maana Mama havuki. Alijua panaweza kufunguka tena.

Shuleni nako mambo yalizidi. Madamu, mwalimu wetu, alitufundisha majimbo mapya kwa wimbo, na tuliimba tukipiga mikono kwenye meza: Ituri, Bunia, Maniema, Kindu, Tshopo, Kisangani, Lualaba, Kolwezi. Nikaenda nayo nyumbani, nikayaimba nikitwanga sombe, nikichota maji, nikilala. Mama alisema nitamtoboa kichwa. Madamu alikuwa ametueleza kwamba kila jimbo lina chef-lieu yake, makao makuu kama ninavyojua leo, na kwamba chef-lieu njo kichwa ya jimbo. Sasa, Kifaransa chetu kilikuwa kidogo. Shefu tulimjua. Shefu ni mtu, anakaa kwenye kiti, anasuluhisha kesi za mashamba na mbuzi. Kwa hiyo Shefulie, ndivyo tulivyolitamka, nikajua ni shefu mkubwa kuliko mashefu wote, ambaye ni kichwa bila mwili, na mwili wake ni ardhi yenyewe. Bunia alikuwa kichwa kimoja, Kindu kingine. Halafu Madamu akaongeza kwamba hata teritwari, wilaya za ndani ya jimbo, zina chef-lieu, Masisi iko na yake, Walikale iko na yake. Nikainua mkono nikauliza kama Shefulie wa Walikale anakula watoto. Darasa zima likacheka, na Madamu akaniambia nikae kitako, nisilete mchezo.

Hakunijibu kwamba hali watoto. Hilo nililibeba.

Na nilikuwa na sababu ya kuuliza. Kwenye njia ya kwenda kwa Koko, ukishavuka gogo, kulikuwa na jiwe bapa, na kutoka kwenye jiwe hilo kijia cha majani marefu kilichepuka na kupotea msituni. Mara nyingi Koko alipotoka kwake kuja kwetu, alikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba: ndizi makemba za kuchemsha, wakati mwingine na kipande cha samaki. Alikiweka juu ya jiwe, akakohoa mara mbili kwa sauti, akaendelea na njia bila kugeuka. Koko alikuwa Mkristo, alikuwa na rozari shingoni, lakini watu wa msitu wa umri wake walikuwa pia na mambo yao ya zamani ambayo padri hakuulizwa. Siku moja nilimuuliza chakula ni cha nani.

"Ya ule anakaaka kule," akasema, akaonyesha kijia kwa kidevu.

"Njo Shefulie?"

Koko hakujua Kifaransa. Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima kama mtoto ataweza kubeba ndoo ile. "Ee," akasema. "Usiendeke kule. Na usisemeke kwa mama yako."

Tukirudi jioni, jiwe lilikuwa tupu. Majani ya mgomba yalikuwa yamekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na juu yake kokoto moja ili upepo usiyachukue. Hicho ndicho kilichoniogopesha zaidi. Mnyama angerarua. Kitu kilichokula pale kilikuwa na adabu.

Kisha ikaja mvua kubwa na Koko akashikwa na kifua. Hakuja kwetu tena. Papa alikwenda kumwona, akarudi akasema anakohoa sana lakini anakula, na Mama akasimama mwisho wa shamba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Asubuhi moja radio ikasema kitu kwa sauti ya haraka, na Papa akamwambia Mama, akifunga kamba ya mzigo wa maharagwe aliokuwa anaupeleka Masisi kwa moto, yaani pikipiki: "Basi, leo njo banakata kweli."

Leo. Nilitoka na uniform yangu kama ninayekwenda masomo, nikapita nyuma ya nyumba ya jirani, nikashuka bondeni. Nia yangu ilikuwa moja: kumleta Koko upande wetu kabla hawajakata. Kama angekataa, ningemvuta kwa kitenge.

Ukungu ulikuwa mzito mpaka gogo lilionekana nusu, kama linaishia hewani. Nililivuka nikiwa nimekaa, mguu huku na mguu huku. Mto ulipiga kelele chini. Nilipofika ng'ambo na kusimama, ndipo nilipoisikia sauti.

"Kivu!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, imepasuka, inatoka upande wa kile kijia. Ikanyamaza, kama inayongoja. Hakuna aliyejibu. Halafu ikajijibu yenyewe, polepole:

"Bukavu."

Nikasimama. "Shaba!" ikasema. Ikangoja. "Lubumbashi." "Zaire ya Juu!" Ikangoja. "Kisangani."

Nikarudi nyuma hatua moja, na si kwa sababu ya sauti peke yake. Katika wimbo wa Madamu hakukuwa na jimbo la Shaba. Hakukuwa na Zaire ya Juu. Na chef-lieu ya kwetu haikuwa Bukavu, hata mtoto wa darasa la kwanza alijua ni Goma. Yule aliyekuwa anaita alikuwa anaita nchi nyingine, ambayo haipo, na alikuwa anangoja iitikie.

Wenzangu, mtaniuliza kwa nini sikukimbia. Niliogopa, tena sana, lakini kichwani mwangu mambo yalikuwa yamejipanga sawasawa: huyo ndiye Shefulie, anayaita majimbo yake kwa mara ya mwisho kabla ya kukatwa. Hajala siku nyingi kwa sababu Koko ni mgonjwa. Na kama yeye ndiye mkubwa wa upande huu, basi yeye ndiye wa kuombwa. Nitamwomba angoje kidogo, Koko avuke kwanza. Nikakishika kile kijia.

Majani yalinilowesha mpaka kiunoni. Kijia kilitokea kwenye uwanja ulioliwa na msitu, na katikati yake kulikuwa na shule. Nilijua ni shule kwa umbo tu. Kuta za udongo zilikuwa zimeshuka hadi magotini, paa limekwisha, isipokuwa upande mmoja ambapo mtu alikuwa amefunga majani ya mgomba juu ya miti kukinga ubao. Meza zilikuwa mbao zilizopigiliwa kwenye vigingi, zimeota uyoga na kijani. Na ile harufu, makala na sombe, mbichi kabisa. Ubao ulikuwa mweusi unang'aa. Juu yake kulikuwa na ramani ya nchi iliyochorwa kwa udongo mweupe, imegawanywa vipande vikubwa vichache, si kama vile vidogo vidogo vya Madamu. Mbele ya ramani alisimama mzee mwembamba, peku, na koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa amenipa mgongo.

"Umechelewa," akasema bila kugeuka.

Nikapiga hatua moja ndani.

"Kaa."

Nikakaa kwenye meza ya karibu. Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi lakini uso wake haukuwa mkali. Ulikuwa uso wa mwalimu yeyote anayeanza siku.

"Hapana pale. Pale iko nafasi ya Bahati."

Nikahamia meza ya pili.

"Pale Mapendo anakaa. Utamsukuma."

Nikainuka haraka. Naapa niliinuka kama mtu aliyemkalia mwenzake. Nikajaribu pengine, akatikisa kichwa: Janvier. Kila mahali kulikuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umeingia kwenye meza, unapita kati yake taratibu, na mimi nilisimama katikati nikiwa nimejibana mikono nisimguse yeyote. Mwishowe akanyoosha kijiti alichokuwa nacho kwenye kona, karibu na ukuta.

"Vumilia, unajua nafasi yako. Kaa, tuanze."

Vumilia ni jina la Mama.

Nikakaa. Alianza kuita majina. Hakuwa na karatasi, aliyatoa kichwani. "Bahati." Alitazama meza ya Bahati, akangoja muda wa heshima, kisha akaenda kwa anayefuata. "Mapendo." Akangoja. "Janvier." Sikumbuki yote. "Sifa." Meza ya Sifa ilikuwa ile niliyokaa mimi, upande wa pili, na alipongoja alitazama hewa iliyokuwa begani kwangu. Nilihisi baridi ubavu mzima. "Vumilia."

"Présent," nikasema. Ndivyo tulivyofundishwa kuitika.

Udongo mweupe ukamwanguka mkononi. Alinitazama. "Mumoja," akasema kwa sauti ndogo. "Mumoja amefika."

Nilidhani huo ndio wakati wa kuomba. "Mwalimu," nikasema, kwa kuwa sikuweza tena kumwita Shefulie, "leo banakata inchi. Koko yangu iko mugonjwa, iko upande hii. Ungoje kidogo."

"Nani anakata?"

"Batu ya radio. Majimbo inakuwa makumi mbili na sita."

Akaitazama ramani yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake imehamishwa. "Hakuna muntu anatoka," akasema hatimaye, "mpaka wote waitikie. Siku ile niliwaacha watoke kabla sijaita majina. Sitarudia." Akaanza tena: "Bahati."

Aliita majina yote, tena na tena. Kila alipofika kwa Vumilia niliitika, na kila nilipoitika alipata nguvu ya kuanza upya. Sijui ilichukua muda gani. Miguu yangu ilikufa ganzi. Nilianza kuona kwamba nitabaki pale, nitaota kijani kama zile mbao, na Mama atasimama mwisho wa shamba mpaka azeeke. Kilichoniokoa ni kengele. Mzee alinyamaza ghafla, akatazama juu mahali jua lilipokuwa linatoboa ukungu, akaenda kwenye rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, akaipiga kwa chuma.

"Mapumziko," akasema. "Musiende mbali."

Nilikimbia.

Koko alikuwa amelala karibu na moto. Nilimwangukia miguuni nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba Shefulie amenikamata, kwamba ameniita jina la Mama. Koko akaketi. Nilitegemea atashika rozari. Badala yake akaniuliza: "Uliona kama iko na nguvu? Anakula nini, masikini, siku zote hizi?"

Ndipo aliponieleza, akikatizwa na kikohozi. Yule hakuwa shefu wala mzimu. Alikuwa Mwalimu Gaspari, aliyemfundisha Mama alipokuwa mkubwa kama mimi, kwa ramani yake ya zamani ya Zaire ambamo Kivu ilikuwa bado moja. Siku vita ilipofika, risasi zilisikika karibu, na yeye akafungua mlango akawaambia watoto wakimbie. Mvua ilikuwa imenyesha, mto umejaa. Wengine walikwenda msituni, wengine walikwenda gogoni. Mwalimu mwenyewe alipotea miaka mingi, watu wakadhani amekufa. Kisha Koko akamkuta siku moja kwenye ile shule, anafagia.

"Juu ya nini hukusema, Koko?"

"Batu bakijua, batasema ni mulozi. Muzee anaongea peke yake mu pori? Batamuchoma. Na mama yako hapendi kusikia ile siku." Akanifuta uso na kitenge chake. "Lakini sasa mi siwezi tena kumupelekea chakula. Uende. Umuambie mama yako: Mwalimu anaita majina."

Aliniambia niimbe kwa nguvu nikipita kwenye jiwe, na nisisimame. Niliimba ule wimbo wa majimbo, sauti inaruka ruka, mpaka nilipofika ng'ambo.

Mama alikuwa analima. Nilipomwambia, jembe lilibaki juu. "Anaita nani?" akauliza. Nikataja: Bahati, Mapendo, Janvier. Nilipofika Sifa, Mama aliketi juu ya udongo, palepale kwenye maharagwe, kitu ambacho hakuna mwanamke wa Masisi anayelifanyia shamba lake.

Papa aliporudi alisema ataenda yeye, atamtoa yule mzee kwa mkono. Mama akakataa. "Haiko weye anaita, iko miye," akasema.

Jumapili baada ya misa tulishuka sisi watatu. Kwenye gogo Mama alivua viatu, akapiga magoti, akafumba macho. Alilivuka akitambaa, huku Papa anatembea ndani ya maji kando yake, amemshika kiuno. Alipofika ng'ambo gauni lake la misa lilikuwa limechafuka lote, na alikuwa amejiuma mdomo mpaka damu.

Mwalimu Gaspari alikuwa mbele ya ubao wake. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akachanganyikiwa kidogo.  Mama alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona, akakaa, magoti yake makubwa hayakutosha chini ya meza. Mimi na Papa tulibaki nje ya ukuta.

"Bahati," mzee akaita. Akangoja.

"Bahati iko Bunia, Mwalimu," Mama akasema.

Kijiti kikasimama hewani. "Bunia?"

"Iko Bunia. Iko na duka ya dawa."

"Mapendo?"

"Mapendo iko Kisangani. Aliolewa kule."

"Janvier?"

"Iko Kolwezi. Anaendesha camion."

Aliendelea hivyo, jina kwa jina, na Mama hakusita hata mara moja. Wengine Isiro, wengine Kalemie, mmoja hata Mbandaka. Yalikuwa majina ya miji ya wimbo wangu, yaliyokuwa yakimtoboa kichwa jikoni, lakini mimi wakati ule sikufikiri hivyo. Niliwaza tu: kumbe Mama anajua watu wengi hivi, kila mahali, na hajawahi kuniambia.

"Sifa," mzee akasema.

Mama akatazama nafasi tupu kando yake. Nilisikia mto kule chini.

"Sifa iko Kindu," akasema.

Mzee akaitazama ramani yake ya zamani, akaweka kidole, na uso wote ukafunguka. "Kindu! Lakini Kindu bado iko kwetu, ndani ya Kivu. Huyo hakwenda mbali."

"Hakwenda mbali, Mwalimu."

"Na Vumilia?"

"Présent."

Akachukua kitambaa, akafuta ubao. Alifuta polepole, kutoka juu mpaka chini, kisha akakikung'uta, akakikunja pembe kwa pembe. "Basi wote wamefika," akasema. Akaketi kwenye meza ya mbele, na Papa akaingia akambeba mgongoni.

Tangu siku hiyo mzee aliishi kwa Koko. Papa alizungumza na shefu wa pale na katekista, na Mama alimpitisha kijijini mchana kweupe akiwa amemshika mkono, ili atakayetaka kusema mulozi aseme mbele yake. Hakuna aliyesema. Mwalimu hakuita majina tena. Lakini kila Mama alipovuka, na sasa alivuka karibu kila juma, mzee alimwomba habari za mmoja wao. Mama akampa. Janvier amenunua camion ya pili. Mapendo amezaa mapacha. Sifa anaimba kwenye kwaya, ana sauti kama zamani. Mimi nilikaa miguuni pao nikisikiliza, na watu hao wakawa wajomba na mama wadogo zangu wa mbali. Mwaka Mwalimu Gaspari alipofariki, kwa kikohozi kama cha Koko, nilikaa kando ya barabara siku mbili nikiwangoja waje mazishini. Mama akaniambia barabara zimeharibika.

Madamu naye alikuwa amenieleza zamani kwamba chef-lieu ni mji tu. Nilikubali. Lakini ilikuwa miji ambayo ndani ya kila mmoja nilikuwa na mtu.

Miaka ikapita, nikasomea uuguzi, na kazi yangu ya kwanza ikanipeleka Kindu kwa miezi michache. Siku niliyofika niliweka mizigo, nikatoka mpaka ukingoni mwa mto, nikampigia Mama simu.

"Mama, niko Kindu! Nipe numéro ya Sifa, niende kumusalimia."

Nilisikia kuku wakilia upande wake, na mtu akitwanga. Nikadhani hakunisikia.

"Mama?"

"Sifa hakuvuka, mwanangu," akasema. "Ile siku. Nilikuwa nimemushika mukono."

Sikumuuliza juu ya wengine. Sijamuuliza mpaka leo.  Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua jambo la kawaida:

"Kindu iko namna gani?"

Nikamweleza. Baiskeli zimebeba mafuta ya mawese, akina mama wanauza samaki chini ya miavuli, mto mpana mpaka watu wa ng'ambo wanaonekana kama mchwa.

"Iko mto?" Sauti yake ikabadilika. "Pale iko mto?"

"Iko, Mama. Mukubwa sana."

"Sikujua," akasema. "Sikujua kama pale iko mto."

"Lakini batu banavuka. Iko mitumbwi. Banaenda, banarudi, kila saa."

"Na batoto ya masomo?"

Mtumbwi mmoja ulikuwa umeondoka muda huohuo, umejaa mashati meupe na sketi za buluu, wanafunzi wanarudi kwao ng'ambo. Walikuwa wanasukumana na kucheka, na mpiga kasia anawagombeza. Nikamwambia.

"Usikate simu," Mama akasema. "Uwaangalie."

Nikawaangalia. Walizidi kuwa wadogo, weupe juu ya maji ya kahawia, wakafika katikati ambapo mkondo una nguvu, wakapinda kidogo, wakanyooka.  Nilisikia pumzi ya Mama simuni.

"Bamefika?"

"Bado, Mama. Karibu."

Mtumbwi ukagusa mchanga. Wakaruka mmoja mmoja.

"Bamefika," nikasema.